Mafua makali yameingia ndani, na nje baridi ya Mbeya: jinsi ya kuwalinda wengine

Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane baridi si ya kitoto, na kila nyumba inajifungia kama kopo, madirisha yamebanwa, kwenye kitundu pameshindiliwa tambara, watu sita chumba kimoja na jiko la mkaa katikati. Sasa mmoja arudi na mafua makali au korona (bado ipo jamani, haijahama), siku chache tu nyumba nzima inakohoa afu utasikia "baridi imetupiga". Kirusi kinaletwa na mtu, na kinasambaa kirahisi kwa sababu mmejifungia mnapumuliana. Mimi ni muuguzi, nazungukia majumbani huku Uyole, na mambo ninayowaelekeza watu ndo haya.

Hatua ya kwanza ni hewa, na hapa ndo watu wananibishia sana. Dirisha la chumba cha mgonjwa lifunguliwe, mlango wake wa kwenda sebuleni ufungwe. Jua likishatoka, kuanzia saa nne mpaka saa tisa hivi, liwe wazi kabisa, usiku acha upenyo hata wa kiganja. Bibi atasema mnamuua mtoto kwa baridi, muitikie kwa heshima, muongezee mgonjwa blanketi na soksi, mvishe kofia, ila dirisha lisifungwe. Jiko la mkaa litoke chumbani, tena usiku ndo kabisa, ile gesi yake haina harufu na inaua watu usingizini, achilia mbali moshi unavyomzidishia kikohozi. Akitaka joto, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga inatosha.

Hatua ya pili, kulala. Kama mna chumba cha ziada apewe, yameisha. Kama mmepanga chumba kimoja, na wengi wetu ndo hivyo, godoro lake liwe upande wa dirisha, wengine wakae mbali nae kadri nafasi inavyoruhusu, na kama kitanda ni hicho hicho basi laleni mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, angalau msikoholeane usoni. Chagua mtu mmoja wa kumuuguza, mwenye afya, asiwe bibi, asiwe mjamzito, asiwe mwenye pumu au kisukari. Akiingia kwa mgonjwa wote wawili wavae barakoa, na ivaliwe mpaka puani sio kidevuni.

Hatua ya tatu, mikono. Lile beseni moja linalozungushwa kabla ya kula, baba ananawa, watoto wananawa, maji yale yale, liache. Maji yamiminwe, au tengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita tano, toboa kitundu karibu na mdomo, lining'inize kwenye mti, funga kamba kwenye shingo ya dumu na ncha nyingine kwenye kijiti cha kukanyagia, sabuni itungike pembeni. Ukikanyaga dumu linainama maji yanatoka, hushiki kitu. Sugua na sabuni sekunde 20, maji yawe baridi yawe ya moto, kazi ni ya sabuni.

Vyombo havina shida, osha kwa sabuni anika juani, ila kikombe na taulo awe na vyake. Shuka zake usizikung'ute ndani.

Sasa kama ugonjwa wenyewe ni wa kutapika na kuhara, mambo yanabadilika kidogo. Vile virusi vya tumbo vingi sanitaiza haiviwezi vizuri, tumia maji na sabuni. Palipochafuka futa kwanza, afu mwagia Jik (ile dawa ya klorini ya kutoa madoa), kama chupa imeandikwa asilimia 3.5 basi kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, subiri dakika kumi ndo upige deki. Usiichanganye na dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu. Mgonjwa anywe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji safi.

Nyungu je? Akipenda kujifukiza sawa, ila AJIFUKIZE PEKE YAKE. Kuna nyumba nakuta watatu chini ya blanketi moja, mgonjwa na wazima, eti wanajikinga! Na watoto wadogo msiwaingize kabisa, yale maji yanaunguza.

Hatua ngumu kuliko zote ni wageni. Jirani anakuja na chupa ya uji na mkungu wa ndizi, kajifunga kitenge, anapitiliza moja kwa moja kukaa kitandani kwa mgonjwa. Mpokee mlangoni, "asante sana mama, anaendelea vizuri, msalimie hapo dirishani, akipona atakuja mwenyewe kukushukuru." Hawezi kununa.

Dawa: amoksilini haiui virusi, acha kununua vidonge vinne vinne dukani. Homa ni paracetamol, mtoto apewe kwa uzito wake, na asipewe aspirini.

Akianza kupumua kwa shida, mbavu zinabonyea, midomo inageuka bluu, anachanganyikiwa, au mtoto amegoma kunyonya, mpeleke hospitali hapo hapo usisubiri kukuche. Ukitaka kuuliza kitu piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure. Kikohozi kikizidi wiki mbili akapime makohozi, hapo tunawaza TB. Kujichanganya na wenzie ni mpaka homa iwe imekata siku nzima bila dawa na yeye mwenyewe anajisikia nafuu, afu siku kama tano zinazofuata aendelee na barakoa akiwa ndani na watu.