Jinsi ya kuiandaa slasha ya trekta kwa nyasi zilizomzidi mtu kimo

Masika yakishakatika, mashamba yaliyopumzishwa kuanzia Usa River hadi Kahe huwa yamefunikwa na nyasi za kifuani, na kando ya mifongo (mifereji ya kumwagilia) mabingobingo hupita paa la trekta. Hapo ndipo slasha, mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma ya trekta, iliyokuwa ikinyoa ukoka bila shida inapoanza kusumbua: injini inaguna na kutoa moshi mweusi, nyasi zinalala badala ya kukatika, na nyuma yanabaki marundo ya majani mabichi. Wengi huamua kwamba trekta ni ndogo. Mara nyingi trekta haina kosa. Ama visu vimepoteza kasi, ama nyasi zilizokwisha kukatwa hazina pa kutokea, na karibu kila kinachoelekezwa hapa kinarudi kwenye mambo hayo mawili.

Vipimo ni vya slasha ya futi 5 (mita 1.5) yenye visu viwili, ikiendeshwa na trekta ya farasi 50 hadi 75 kwa PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha zana) ya mizunguko 540 kwa dakika. Kuna jambo moja la huku kwetu la kuzingatia kwanza. Injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, trekta iliyoandikwa farasi 60 inabaki na kama 52. Kwa hiyo mwendo uliotosha Kahe, bondeni, usiubebe hadi Sanya Juu, kwenye mwinuko, ukitegemea matokeo yaleyale.

Hatua ya 1: Visu

Zima injini, chomoa funguo, subiri visu visimame kabisa, kisha inua slasha na uikalishe juu ya magogo manene au stendi za chuma. Usiingie chini ya slasha inayoshikiliwa na haidroliki peke yake. Mtu akigusa mkono wa kushushia, au mpira ukipasuka, hutapata nafasi ya kutoka.

Vaa glavu, shika kisu kimoja kimoja na ukizungushe kwenye bolti yake. Kinatakiwa kizunguke chenyewe bila kukwama, kwa sababu kikigonga jiwe ndivyo kinavyojiokoa: kinarudi nyuma. Kisu kilichoganda kwa kutu hupeleka pigo lote kwenye giaboksi. Kisu ambacho tundu lake limechongoka na kuwa kama yai hakina maisha tena. Kibadilishe pamoja na mwenzake na bolti zote mbili, weka na nati mpya.

Noa kwa grainda, upande wa juu tu, ukifuata mteremko uleule wa kiwandani. Usikifanye wembe. Makali yabaki na unene wa kama milimita 1.5, maana makali membamba zaidi hujikunja kwenye jiwe la kwanza, na mashamba ya chini ya Mlima Meru hayana upungufu wa mawe. Grainda isikae sehemu moja. Chuma kikigeuka rangi ya bluu, ugumu wake umeondoka na makali hayatamaliza siku.

Sasa pima uzito. Hapa ndipo kazi nyingi za kunoa huharibikia. Weka kila kisu kwenye mizani ya dukani na uhakikishe tofauti haizidi gramu 30. Ukiacha gramu 100 karibu na ncha, kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika (giaboksi huongeza kasi ya PTO) hizo gramu 100 huvuta mhimili kwa nguvu ya karibu kilo 80, na mvuto huo unazunguka pamoja na kisu muda wote wa kazi. Beringi na sili ya giaboksi ndizo zinazolipa. Punguza kisu kizito kwa kusaga upande wa kitako chake, usiguse makali.

Unaporudisha, angalia kwamba makali ndiyo yanayotangulia kwenye mzunguko na kwamba ncha iliyopinda inaelekea juu. Kwa nyasi ndefu chagua visu vya ncha iliyopinda: huvuta hewa kwenda juu na kusimamisha nyasi zilizolazwa na matairi. Visu vilivyonyooka vinafaa zaidi kwa vichaka.

Ukiwa bado hapo chini, tazama mhimili pale unapotoka kwenye giaboksi. Nyasi, kamba za manila na vipande vya waya hujisokota hapo na kuikata sili. Kata vyote utoe. Kwangua pia majani yaliyogandamana chini ya bati linalofunika visu, kwa sababu yanaziba nafasi ya nyasi kupita. Oili ya gia namba 90 ifike kwenye tundu la kipimo, na kros (viungo vinavyopinda) za shafti zipate grisi kila baada ya saa 8 za kazi.

Hatua ya 2: Klachi ya shafti

Kama slasha yako ina klachi ya msuguano (sahani zinazobanwa na springi, ziteleze mzigo ukizidi), usiianzishe msimu bila kuifungua. Ikikaa nje mvua zote, sahani hushikana kwa kutu na klachi inakuwa kipande kimoja cha chuma. Pima kwanza urefu wa kila springi na uandike. Chora mstari wa chaki unaopita juu ya sahani zote. Legeza nati mpaka springi ianze kuzunguka kwa vidole, shusha slasha, washa, ingiza PTO kwa resi ndogo kwa sekunde 2 au 3 tu, kisha zima. Mistari ya chaki ikiwa imeachana, klachi imefunguka. Isipoachana, itenganishe na uisafishe kwa brashi ya waya. Mwisho kaza nati zote sawasawa mpaka springi zirudi kwenye urefu ulioandika, mradi unalingana na kipimo cha mtengenezaji.

Klachi iliyolegea nayo ina hila yake. Resi za injini hazishuki hata kidogo, dereva anaona kila kitu kizuri, kumbe visu vinapungua kasi huku harufu ya kuungua ikitoka nyuma.

Slasha ya bolti ya kukatika (inayokatika yenyewe mzigo ukizidi) haina haya yote, ila bolti hiyo lazima iwe laini, ya daraja lililowekwa na mtengenezaji. Anayeweka bolti ngumu ya 8.8 ili isikatike tena ameamua kwamba safari ijayo kitakatika kitu cha bei kubwa.

Hatua ya 3: Mlalo wa slasha

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwenye nyasi nene, na haihitaji kipuri chochote.

Egesha kwenye sakafu ya saruji au ardhi iliyo sawa na uzime. Geuza visu mpaka kimoja kielekee mbele na kingine nyuma. Pima kutoka ardhini hadi ncha ya kila kimoja. Usipime kwenye bati, kwa sababu bati huwa limepinda. Kwa nyasi fupi, ncha ya mbele iwe chini ya ile ya nyuma kwa sentimita 1 hadi 2.5. Kwa nyasi ndefu na nene, ongeza mpaka sentimita 4 au 5.

Sababu yake ni hii. Slasha ikiwa sawa, au mbaya zaidi ikiwa imeinama nyuma, kisu hukata mbele kisha kikipita nyuma kinakokota visiki na majani yaleyale, na lango la kutokea linazibwa. Nguvu inaliwa mara mbili kwa kazi moja. Ukiinua nyuma, kisu hukata mara moja tu na majani yanapata mlango. Inua nyuma kwa kushusha tairi dogo la mkiani tundu moja au mawili, halafu rekebisha toplinki, mkono wa juu unaounganisha slasha na trekta. Toplinki ikibaki imekaza, mkia hautafuata mabonde ya shamba. Acha mchezo kidogo.

Wapo wanaoondoa minyororo ya nyuma inayozuia mawe ili nyasi zitoke haraka. Hatushauri. Jiwe lililopigwa na kisu linaweza kuruka mita 90, na mashamba mengi huku yamepakana na nyumba na njia za watoto wa shule.

Hatua ya 4: Resi juu, gia nzito

Kwenye 540, visu vya slasha ya futi 5 vikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ncha huenda karibu mita 78 kwa sekunde. Nyasi haijashikwa na kitu upande wa pili kama kwenye mkasi. Inakatika kwa kasi ya pigo. PTO ikishuka hadi 400, nguvu ya pigo inabaki kama asilimia 55. Ndiyo maana kupunguza mafuta ili "kuionea huruma injini" kunaharibu kazi. Weka mkono wa mafuta kwenye alama ya 540 na uuache hapo. Cha kupunguza ni mwendo, kwa kubadili gia.

Kwenye kilomita 5 kwa saa, kila kisu kinakuta nyasi mpya za milimita 42 mbele yake. Kwenye 2.5 kinakuta 21. Anza na huo wa 2.5. Massey Ferguson nyingi za zamani zina klachi ya hatua mbili: ukiona resi zinaanza kuanguka, kanyaga nusu tu, trekta isimame na visu viendelee kuzunguka mpaka vitafune kilichomo, kisha achia.

Hatua ya 5: Kuingia shambani

Tembea kwanza kwa miguu. Chomeka vijiti vyenye vitambaa kwenye mawe, visiki, midomo ya mifongo na waya wa senyenge. Subiri umande ukauke. Nyasi mbichi hushikana chini ya bati. Udongo mweusi ukiwa bado unanata kwenye buti, ahirisha.

Pita ya kwanza kwa urefu wa sentimita 25 hadi 30, ukichukua upana wa mita 1 au hata 0.75 badala ya slasha nzima. Ya pili pita kinyume cha ile ya kwanza, kwenye sentimita 10 hadi 15, na nyasi zilizolala kwenye alama za matairi zitakutana na kisu zikiwa zimeinuka.

Kila baada ya dakika 30 tazama rejeta. Mbegu na makapi yanaziba wavu, joto linapanda. Safisha kwa upepo kutoka upande wa feni kwenda mbele, injini ikiwa imezimwa. Mtikisiko wa ghafla maana yake kisu kimoja kimejikunja nyuma au kimepotea: toa PTO papo hapo. Na baada ya saa ya kwanza ya kazi simamisha, zima, rudisha slasha juu ya magogo na ukaze tena bolti za visu, kwa sababu mpya hulegea zinapokaa sawa.