Pima sarafu kwa maji kabla ya kulipa

Franka 5 ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ya mwaka 1961 ilitengenezwa kwa bronzi, na nyingine kwa dhahabu. Picha ni zilezile: ndizi upande mmoja, msalaba wa shaba upande wa pili. Bronzi iliyopakwa dhahabu hudanganya jicho, lakini kwenye mizani haipiti: ya dhahabu ina gramu 13.33, ya bronzi haizidi sana nusu yake.

Uzito peke yake hautoshi kila mara. Franka 5 ya fedha ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ya wakati wa Dola Huru la Kongo, ina gramu 25 na upana wa milimita 37. Mghushi akiongeza unene kidogo, gramu 25 atazipata hata kwa shaba na nikeli. Hapo ndipo maji yanapohitajika.

Tafuta mizani ndogo ya masonara inayosoma hadi gramu 0.01. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka juu ya mizani kikombe chepesi cha plastiki chenye maji, hakikisha jumla haizidi uwezo wa mizani, kisha irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni na uitundike kwenye kijiti kilicholazwa juu ya matofali mawili, kwa sababu mkono hutetemeka na namba hazitulii. Sarafu izame yote, isiguse chini wala ukuta wa kikombe. Gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo namba utakayosoma ndiyo ujazo wa sarafu. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo; jibu ni gramu ngapi zimo katika kila sentimita ya ujazo.

Fedha ya Leopold II, ambayo ni fedha halisi sehemu 900 kwa 1000, hutoa karibu 10.3; yaani ndani ya maji utasoma kama 2.43. Shaba, bronzi na mchanganyiko wa shaba na nikeli huangukia karibu 8.9. Dhahabu ya 900 hufika 17.2.

Jibu likishuka kuliko ulivyotegemea, usiihukumu sarafu bado. Angalia mapovu yaliyonata kwenye herufi. Tone moja la sabuni ndani ya maji huyaondoa. Sarafu iliyogusa chini nayo huongeza namba. Kwa sarafu ndogo, kosa la 0.02 tu linabadilisha jibu sana, kwa hiyo rudia mara tatu.

Kwa misalaba ya shaba, iliyotumika zamani kama pesa, maji hayasaidii kitu: wa kale na wa juzi yote ni shaba. Hapo tazama ngozi yake. Ukijani wa kale umeshikana na shaba yenyewe; wa kupikwa kwa chumvi na asidi mara nyingi hutoka ukisugua kwa kidole chenye maji. Na ukiambiwa msalaba umechimbwa kaburini, usinunue. Tunajua mengi kuhusu misalaba ya Sanga, makaburi ya kale kando ya ziwa Kisale, kwa sababu wanaakiolojia waliochimba 1957 na 1958 waliandika kila mmoja ulilala wapi kwenye mwili. Ukishang'olewa, habari hiyo haipatikani tena. Peleka taarifa kwenye jumba la makumbusho la Lubumbashi.

Kusafisha kwa limau, majivu au mchanga: hapana, kabisa. Ngozi ya kahawia ikitoka hairudi, na bei inaondoka nayo. Udongo uondoe kwa kulowesha kwenye maji safi ya betri (yale yasiyo na asidi), kisha kausha kwa kitambaa laini bila kusugua. Unga wa kijani hafifu unaorudi baada ya kufutwa ni ugonjwa wa shaba, unaoletwa na chumvi na unyevu. Itenge sarafu hiyo na zingine.

Hifadhi kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali hutoa ute wa kijani unaokula sarafu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zinapokuwa nyingi Katanga, weka ndani ya boksi vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kila baada ya wiki chache.