Idhini na Usalama wa Kambi ya Watoto: Mwongozo kwa Waandaaji wa Lubumbashi

Likizo kubwa ya shule huanza Julai, na parokia, makanisa, skauti na vikundi vya Kiro (chama cha vijana Wakatoliki) huanza kutafuta viwanja vya kambi kabla ya hapo. Barua za kuomba idhini zianze kuandikwa mwezi wa Mei, kwa kuwa ofisi hazijibu kwa kasi moja na barua iliyopelekwa katika juma la mwisho humnyima mkuu wa mahali nafasi ya kuuliza maswali ya maana.

Katiba ya Kongo (DRC) ya mwaka 2006, katika kifungu cha 26, inawataka wanaoandaa mikusanyiko ya hadhara barabarani au mahali pa wazi wamjulishe kiongozi wa serikali anayehusika kwa maandishi. Hata kama kambi yenu imo ndani ya ua wa shule, andikeni, kwa sababu kiongozi asiyejua kwamba watoto wamelala katika eneo lake hawezi kuwasaidia usiku wa shida. Barua itaje jina la shirika na hati zake (mashirika yasiyo ya faida huongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001), mahali, siku ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watoto na umri wao, majina na simu za walezi, na gari litakalowabeba. Ipelekeni kwa mkuu wa kartie (mtaa), kwa burugumesta, yaani mkuu wa komini (sehemu ya jiji), na kwa ofisi za jimbo zinazohusika na vijana na mambo ya kijamii. Polisi na zoni ya afya wapewe nakala. Msiondoke katika ofisi yoyote bila nakala yenu kupigwa muhuri wa mapokezi na kuandikwa tarehe, na mkitozwa malipo, ombeni risiti.

Mkienda nje ya jiji, kwa mfano Kipushi au Kasenga, mkuu wa teritwari (wilaya) na chifu wa kimila ndio wa kuonwa. Ndani ya hifadhi ya Kundelungu idhini hutoka ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi. Kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia ni jambo jingine kabisa: ulizeni DGM (ofisi ya uhamiaji) mapema kuhusu hati za kila mtoto na ruhusa ya wazazi.

Kila mzazi atie sahihi fomu inayotaja magonjwa, dawa, vyakula vinavyomdhuru mtoto, simu mbili za kupiga, na ruhusa ya kumpeleka hospitalini. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo kijana wa miaka 17 anayewasaidia walezi naye bado yuko chini ya ulinzi wenu. Walezi wachaguliwe kwa ukali kuliko jambo lingine lolote. Ulizeni habari za kila mmoja kwa watu waliofanya naye kazi, katazeni fimbo kwa maandishi, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto chumbani au hemani. Kuhusu idadi, kipimo cha Ufaransa kinafaa kuazimwa: mlezi mmoja kwa watoto 8 walio chini ya miaka 6, na mmoja kwa watoto 12 waliozidi umri huo.

Uwanja ukaguliwe mchana, kwa miguu, kabla ya kulipiwa. Katika nchi yetu ya migodi mtu huweza kukuta shimo la zamani la machimbo limefichwa na majani, au mto unaopokea maji ya kiwanda. Eneo la namna hiyo liachwe, hata likitolewa bure. Vyoo viwe angalau mita 30 kutoka kisimani, kimoja kwa watu 20, na maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe, kwani kipindupindu kinajulikana sana katika Haut-Katanga. Kwa kuwa majani ni makavu, fyekeni ukanda kuzunguka mahema na jiko, wekeni ndoo za mchanga na maji, na moto uzimwe kabla ya kulala. Usiku wa Julai baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, hivyo blanketi ni sehemu ya usalama, pamoja na chandarua.

Muuguzi wa kituo cha afya cha karibu aonwe kabla ya watoto kufika, na gari lenye mafuta na dereva libaki kambini usiku kucha. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, na anayeharisha aanzishiwe ORS (dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini) wakati safari ya kituoni inaandaliwa.

Siku ya kurudi, mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyetajwa katika fomu tu, naye atie sahihi daftarini. Akija mjomba au jirani ambaye jina lake halimo, mlezi ampigie mzazi simu kwanza, na mtoto abaki na mlezi mpaka jibu lipatikane.