Ukitumwa Mkutano Mkuu wa KKKT kutoka Tanga: maandalizi, kazi ya ukumbini na mrejesho

Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania hukaa kila baada ya miaka minne, na ndiko anakochaguliwa Mkuu wa Kanisa, kama ilivyofanyika Agosti 2023 kwenye Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Mjumbe anayetoka Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ya huku Tanga, basi, anakwenda kufanya kazi. Wapo wanaoichukulia safari hii kama shukrani ya utumishi wa miaka mingi, hao ndio hushinda ukumbini wakimuuliza jirani, "Tuko ukurasa wa ngapi?"

Anza na barua ya utambulisho. Majina yawe matatu, yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, na barua iwe na saini na muhuri wa ofisi ya dayosisi Lushoto. Wanaohangaika zaidi ni wajumbe mbadala: aliyechaguliwa ameugua, mwingine kapewa nafasi siku mbili kabla, na orodha iliyoko kwenye meza ya usajili bado ina jina la mgonjwa. Ukiwa mbadala, barua yako itaje unakaa badala ya nani, na uhakikishe dayosisi imeshaarifu makao makuu Arusha kabla hujapanda basi. Bila hivyo unaweza kujikuta umekaa kama mgeni mwalikwa: unasikiliza, unakula, kura hupigi.

Kisha kabrasha, yaani nyaraka za mkutano zilizojalidiwa pamoja. Likikufikia mapema, usianze ukurasa wa kwanza, maana huko ni salamu na ratiba. Anza na muhtasari wa mkutano uliopita, utafute kila mahali dayosisi yako ilipotajwa. Masahihisho yake hufanyika kabla haujathibitishwa. Ukishathibitishwa, ukilalamika kwamba maneno yalinukuliwa vibaya, umechelewa. Baada ya hapo nenda kwenye yatokanayo, uone maagizo gani yametekelezwa na yapi yameandikwa "linaendelea" bila maelezo.

Taarifa ya fedha inawatisha wengi, na si ngumu hivyo. Tazama kwanza maoni ya mkaguzi: ni hati safi au yenye shaka, na shaka yenyewe iko wapi. Linganisha bajeti na matumizi halisi, uweke alama pale tofauti ilipo kubwa. Halafu tafuta jedwali la michango ya dayosisi. Kama yenu ina deni, muulize mtunza hazina wenu sababu kabla ya safari, kwa kuwa jedwali hilo linaonwa na wajumbe wote. Marekebisho ya katiba yasome kwa kuweka kifungu cha zamani kando ya kipya. Neno moja, kama "atashauriana" kugeuzwa "anaweza kushauriana", linahamisha mamlaka yote.

Mkutano ukiwa Makumira, usikate tiketi ya Arusha mjini ukaanza kurudi nyuma. Chuo kiko Usa River, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, na anayetoka Tanga anakipita kabla ya kufika mjini. Mwambie konda mapema. Basi la kutoka stendi ya Kange hupita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Moshi, na safari hula sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo panga kufika siku moja kabla ya ufunguzi. Kama dayosisi imetoa gari, litashuka kutoka Lushoto hadi Mombo. Kubalianeni saa na mahali pa kukutana hapo Mombo. "Tutapigiana" imeshawaacha watu. Kati ya Juni na Agosti kule ni baridi kweli kwa mtu wa pwani: sweta nzito, soksi, blanketi jepesi. Ukilala bwenini utahitaji pia kandambili, kufuli dogo na ekstensheni ya kuchajia simu. Dawa zako za kila siku na kadi ya bima viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Kama wewe ni mchungaji, uliza mapema rangi ya stola, kile kitambaa cha shingoni, kwa ibada ya ufunguzi. Wali wa nazi usiutarajie.

Ukumbini, hoja hutangulia, sababu hufuata. "Bwana Yesu asifiwe" mara moja inatosha. Taja jina na dayosisi, kisha useme: "Mwenyekiti, ukurasa wa 14, aya ya pili, napendekeza 'kwa mkupuo' isomeke 'kwa awamu mbili'. Sharika za wakulima wa machungwa Muheza hupata fedha msimu wa mavuno." Keti. Pendekezo hilo liandike pia kwenye karatasi, umpelekee katibu. Lililosemwa tu hupotea au huingia kwenye muhtasari likiwa limepinda. Kama mwenzako ameshasema ulilotaka, unga mkono kwa sentensi moja.

Kwenye kura ya siri, fuata maelekezo ya wasimamizi neno kwa neno. Walipoagiza jina, andika jina kamili, hasa wagombea wawili wakikaribiana majina. Usiweke saini wala maoni kwenye karatasi, kura itaharibika. Matokeo usiyarushe kwenye kundi la WhatsApp kabla mwenyekiti hajayatangaza, na kurasa za kabrasha usizipige picha za kugawa. Tiketi ya kurudi iwe ya asubuhi inayofuata siku ya kufunga. Wajumbe wakianza kuondoka baada ya chakula cha mchana, akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, huvunjika, na mambo yaliyowekwa mwishoni yanabaki bila uamuzi.

Mrejesho uandike ungali na kumbukumbu, ndani ya wiki mbili. Tenganisha azimio, ambalo ni lazima litekelezwe, na pendekezo lililopelekwa Halmashauri Kuu. Ya kwenye foleni ya chai usiyaingize kabisa. Taarifa kamili ipeleke baraza la wazee, kisha waumini wasomewe ukurasa mmoja baada ya ibada.

Risiti za nauli na malazi zipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi za mashine hufutika wino, halafu uzirejeshe kwa mtunza hazina pamoja na salio. Kabrasha lenye alama zako litunze. Usipochaguliwa tena, mkabidhi anayekufuata, naye ataanzia kwenye yatokanayo.