Malisho ya bonde la mlimani: usianzie chini

Bonde la mlimani huharibika kuanzia kijitoni. Ng'ombe akiachiwa achague, atashinda pale pale: maji yapo, majani laini, hakuna mwinuko wa kupanda. Chini panageuka tope, huku mteremkoni majani yanakomaa na kuwa magumu, hayana mlaji.

Kwa hiyo anza msimu kwenye mteremko unaopigwa na jua. Hewa baridi ni nzito. Usiku hushuka na kutuama bondeni, ndiyo maana jalidi, yaani barafu nyembamba juu ya majani, hukawia huko na majani huchelewa kuota. Kabla ya kushusha mifugo, kandamiza ardhi kwa kisigino. Shimo likijaa maji, subiri. Kwato kwenye udongo huo hukata mizizi, na magugu yasiyoliwa hupata nafasi. Sehemu zenye maji mwaka mzima zizungushie uzio, maana konokono wa humo hueneza minyoo ya ini.

Ingiza mifugo majani yakifika sentimita 15 hadi 20, uitoe yakibaki 8. Hapo pa kutoa ndipo wengi wanapoteleza: "siku mbili tu zaidi" huula mmea hadi akiba yake ya kuchipulia, na kwenye baridi siku hizo mbili hulipwa kwa wiki kadhaa. Mapumziko huwa siku 30 ukuaji ukiwa mzuri, 60 au zaidi baridi ikikaza. Fuata rula, siyo kalenda.

Idadi ya mifugo usiikisie. Kata majani ndani ya fremu ya nusu mita kwa nusu mita, sehemu kumi tofauti, kwa kimo kile kile cha sentimita 8. Yakaushe kabisa, upime, utafute wastani. Gramu hizo zidishe kwa 40 upate kilo kwa hekta. Gramu 30 ni kilo 1,200. Toa robo kwa yatakayokanyagwa na kuchafuliwa, zibaki 900. Ng'ombe wa kilo 400 hula takriban kilo 10 za majani makavu kwa siku, basi hekta moja inatosha ng'ombe 30 kwa siku tatu.

Jiwe la chumvi liweke juu mteremkoni, mbali na maji. Ng'ombe atalifuata na kula njiani. Likiwa kando ya kijito, umemwalika abaki huko.

Asubuhi yenye umande au jalidi, usiwaingize wenye njaa kwenye klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Wape kwanza nyasi kavu, la sivyo matumbo hujaa gesi, na upande wa kushoto ukivimba ng'ombe anaweza kufa ndani ya saa chache.