Kuuza vitu vya mama baada ya msiba: anza na daftari, usianze na mnunuzi

Mwezi uliopita nilikaa Mbagala siku tatu na rafiki yangu aliyefiwa na mama yake. Chumba na sebule vimejaa vitu, mwenye nyumba anauliza mnahama lini, na ndugu wawili walishaleta wanunuzi mlangoni wakati tanga lina wiki moja tu tangu lianuliwe. Nikajikuta namweleza yaleyale niliyojifunza kwa shida 2021 tulipoondokewa na mama yetu, kwa hiyo nayaweka hapa. Naandika kwa upande wa Tanzania, familia ya Kiislamu, nyumba ya kupanga, maana huko ndiko nilikopita.

Hatua ya 1: Makaratasi

Cheti cha kifo RITA (ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo), kikao cha familia, muhtasari wenye saini za wote, halafu Mahakama ya Mwanzo ya kule marehemu alikokuwa anaishi ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila, kama mama alikuwa Mkristo muulizeni karani kwanza pa kwenda.

Ila kabla hamjapanda daladala wekeni mezani kitambulisho cha NIDA (cha taifa), kadi ya benki na cheti cha kifo, msome majina herufi kwa herufi. Kwetu NIDA ilimaliza na jina la babu, benki wakaandika la baba, tukarudishwa mara mbili mpaka tulipopeleka hati ya kiapo kwamba huyo ni mtu mmoja.

Hatua ya 2: Vinavyooza

Kuku, samaki wa kwenye friji, unga. Kubalianeni, toeni, andikeni. Vingine vyote vinasubiri msimamizi. Mwenye nyumba akibana hamisheni vitu kwa ndugu mwenye nafasi, msiuze kwa sababu ya kubanwa, mtu aliyebanwa anauza kitanda cha mninga kwa bei ya godoro.

Hatua ya 3: Daftari (msiiruke hii)

Nunueni kaunta buku. Najua vijana mtasema simu ipo, kuna Excel, hapana. Simu ni ya mtu mmoja, ikiibiwa imekwenda na kila mtu anaanza kuhisi vibaya, wakati daftari linakaa mezani na shangazi asiyejua simu janja anaona na yeye. Simu kazi yake ni picha tu: kila kitu picha moja, mnatupia kwenye grupu la WhatsApp la ndugu siku hiyohiyo.

Pigeni mistari ya safu hivi: namba, kitu, kimekutwa wapi, kina hali gani, ni cha nani na nani kasema, bei, kimekwenda kwa nani. Halafu andikeni namba kwa makapeni kwenye selotepu, muibandike kwenye kitu chenyewe.

Hiyo safu ya "ni cha nani" ndiyo iliyotutesa sisi. Kulikuwa na cherehani sebuleni, miaka yote tunaiona, mama anashonea, tukaiuza 180,000. Baada ya arobaini akaja mama mmoja kutoka Lindi, mpole kabisa, anasema alimwachia mama amana alipohama. Hana karatasi, lakini alitaja kovu la moto chini ya meza yake, na ni kweli lilikuwepo, liko kwenye picha. Tulizunguka Tandika siku tatu kumtafuta aliyenunua, tukamkuta, akataka 250,000 kuirudisha na tukatoa. Hela haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama alitunza amana ya mtu miaka tisa na sisi wanawe tuliivunja ndani ya mwezi mmoja.

Sasa nafanya hivi kabla namba haijaingia kwenye safu ya bei. Nawauliza majirani wa pande zote mbili, mmoja mmoja, siyo kwenye kundi. Naenda kwa katibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, maana masufuria makubwa, viti vya plastiki na maturubai mara nyingi ni vya kikundi na vinalala kwa yule mwenye nafasi. Namuuliza fundi wa karibu kama kuna kitu cha mama kiko kwake. Ndiyo, inakwenda pande zote, friji ya mama wa Mbagala tuliikuta kwa fundi, watoto wake hawakujua kabisa. Na lile tangazo la makaburini, mwenye kumdai marehemu au mwenye amana yake awaone ndugu, lirudieni kwenye hitma, kwa sababu siku ya kuzika watu wanaona haya kutaja vitu.

Anayedai kitu bila karatasi msimfukuze na msimpe papo hapo. Mwambieni akitaje kabla hajakiona: rangi, kasoro, lini kilikuja. Andikeni, kikae siku chache, jirani mwingine athibitishe.

Mkiwa mnaandika ndio mpekue. Ncha za khanga zilizofungwa fundo, chini ya godoro, nyuma ya picha ya ukutani, ndani ya msahafu, makopo ya unga. Kitabu cha hisa za VICOBA cha mama kilikuwa kwenye kopo la biskuti, na mimi nilishalitoa nje na takataka.

Hatua ya 4: Madeni

Mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Nendeni duka la jirani muombe daftari la mkopo. Laini ya simu ya mama msiitupe, wanaomdai na anaowadai watapiga humo. Na hata kama mnajua namba ya siri msitoe hela ya M-Pesa, msimamizi aende na barua yake ya mahakama atoe kihalali.

Hatua ya 5: Gaweni kabla ya kuuza

Khanga na vitenge huwa siuzi. Tandikeni mkeka, waiteni mama wadogo na shangazi, wachague, zinazobaki sadaka. Kitu chenye thamani anachokitaka mrithi, mfano friji, kipewe bei ya soko na kikatwe kwenye fungu lake, au wote wamuachie na wasaini daftarini.

Hatua ya 6: Kuuza

Dalali simtaki, anajua mna msiba na anajua mna haraka. Zungukeni Kariakoo au Keko mjue bei ya kitu kipya, ndipo mpange ya chenu. Pigeni picha mchana mlango ukiwa wazi, wekeni status, halafu magrupu ya mtaa. Vyombo vidogo fanyeni mafungu. Mnunuzi akija wawepo ndugu wawili. Akilipa kwa simu msiangalie meseji anayowaonyesha yeye, angalieni salio lenu, kitu kitoke baada ya hapo. Pikipiki au gari muuzaji ni msimamizi mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Hatua ya 7: Kufunga nyumba

Lipeni maji, pigeni picha mita ya LUKU (ya umeme), ufunguo mkabidhi mbele ya mjumbe.

Msimamizi ana miezi minne tangu ateuliwe kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, kisha hesabu ya mgawanyo kwenye Fomu Na. 6. Sisi tulijaza zote kutoka kwenye kaunta buku, mdogo wangu anasoma kwa sauti, kaka anaandika. Kwenye namba ya cherehani alisoma "amana, imerudishwa Lindi", akanyamaza kidogo, akaendelea na namba iliyofuata.