Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele: itumie hivi ikae miaka

Mimi ni fundi wa mashine za kufulia hapa Dar, na kama kuna kitu kinachonipa kazi kuliko vyote ni sabuni. Mtu ananunua mashine nzuri ya mlango wa mbele, hizi zinazotumia maji kidogo, halafu anaitumia kama beseni la uani, sabuni kikombe kizima, povu limejaa kioo, baada ya muda ananipigia fundi njoo inanuka, fundi njoo haikamui. Sasa ngoja nielekeze mwanzo mwisho.

Hatua ya 1: kuifunga

Nyuma kuna bolti ndefu tatu au nne zinazoshika drami, lile pipa la ndani linalozungusha nguo, isicheze ikiwa kwenye gari. Toa zote kabla hujawasha, ziba matundu kwa vile vifuniko vya plastiki, na bolti zitunze maana siku ukihama zinarudi palepale. Ukiwasha nazo, ikifika kwenye kukamua itatembea chumba kizima na usishangae ikipasua kitu ndani. Iweke kwenye sakafu ngumu, isukume kona moja moja, ikitikisika zungusha miguu yake mpaka itulie.

Kama imekuja na kontena kutoka Marekani soma kibandiko cha nyuma kwanza, kule wanatumia volti 120 na sisi ni 230, ukichomeka tu hivihivi umeiua. Za Uingereza hazina neno, hata plagi ni hizi hizi zetu. Na tafadhali usiichomeke kwenye ekstensheni ya kuchajia simu, hita ikiwaka inavuta kama wati 2000, ile waya nyembamba itayeyuka.

Mpira wa maji machafu upandishe usawa wa kiuno hivi, sentimita 60 mpaka 100 kutoka chini. Ukiulaza chini maji yatakuwa yanatoka yenyewe huku mashine inaendelea kujaza, utasikia inajaza tu haimalizi.

Hatua ya 2: presha ya maji

Hapa ndipo nyumba zetu nyingi zinakwama. Mashine nyingi zinataka presha kuanzia baa 0.3 au 0.5, na kwa tenki la juu kila mita 10 ya kimo inakupa baa 1, kwa hiyo maji kwenye tenki yawe juu ya mashine kwa mita 3 mpaka 5. Tenki lako liko kwenye stendi fupi tu pale nje? Mashine itasubiri maji, itasubiri, mwisho inaleta alama ya kosa na wewe unasema imekufa. Ama pandisha tenki ama weka pampu ndogo ya kusukuma.

Kabla hujamwita fundi funga koki, fungua mpira wa kuingiza maji pale unapoungana na mashine, chungulia ndani utaona kichujio kidogo cha wavu. Kivute taratibu kwa koleo. Kwa maji yetu ya kisima utakuta kimeshika mchanga na ukoko mweupe, kisugue kwa mswaki wa zamani, rudisha. Mara nyingi ugonjwa unakuwa umeishia hapo.

Hatua ya 3: kupakia nguo

Ile kilo 7 iliyoandikwa mlangoni ni nguo kavu za pamba kwenye programu ya pamba. Za nailoni na polista ni karibu nusu yake, na ile programu ya dakika 15 ni shati mbili tatu zilizonuka jasho, siyo mashuka ya wiki. Kipimo changu ni mkono: ukishapakia, kiganja kipite juu ya nguo bila kulazimisha. Ila usiweke blanketi moja peke yake pia, linalowa linakaa upande mmoja, mashine inakataa kukamua ili isijivunje. Liongezee taulo mbili.

Kagua mifuko, sarafu na pini za mtandio ndizo zinazoua pampu. Sidiria zenye waya weka kwenye kimfuko cha wavu. Khanga mpya ifue peke yake kwa maji baridi mara ya kwanza, rangi inatoka, usije ukalaumu mashine shati la shule likitoka la pinki. Na chandarua chenye dawa hakiingii humu kabisa, hicho fua kwa mkono polepole na sabuni isiyo kali halafu anika kivulini.

Hatua ya 4: sabuni, na hapa soma mara mbili

Mashine hizi haziloweki nguo. Zinaweka maji kidogo chini, drami inazibeba nguo juu na kuziangusha, zinaanguka zinajibamiza na huko kuanguka ndiko kufua kwenyewe. Ndiyo maana ukichungulia kioo unaona kama hamna maji, na kuna watu wanaongezea kwa jagi kupitia droo, bana acheni. Povu likizidi nguo zinaangukia kwenye mto laini, hazijisugui. Halafu kile kipima maji kinachanganyikiwa, pampu nayo inashindwa kusukuma povu, mashine inaongeza kusuuza juu ya kusuuza, yale maji uliyotaka kuokoa yote yanaenda.

Kwa hiyo sabuni ya kufulia kwa mikono hapana, hata kidogo. Tafuta iliyoandikwa Auto au Matic, au ikiwa ya Marekani ina kialama cha herufi he. Kwa nguo za kawaida mimi naweka vijiko vikubwa 2 vya unga, zikiwa na matope ya Masika 3, na maji yako yakiwa ya kisima cha chumvi ongeza nusu kijiko maana povu halitoki vizuri. Inaenda kwenye kitundu cha droo chenye alama ya II, chenye ua ni cha sofna ya kulainisha nguo, na I ukiacha wazi hukosi kitu isipokuwa umechagua kufua mara mbili.

Unataka kujua kama umekuwa ukizidisha? Chukua taulo zilizofuliwa tayari, ziweke bila sabuni yoyote, washa, baada ya dakika kumi chungulia kioo. Ukiona povu, hiyo ni sabuni ya wiki zilizopita inatoka kwenye nguo unazolalia na kuvaa.

Hatua ya 5: programu

Umeme mwingi wa mashine unaliwa na kupasha maji, kuzungusha drami siyo kitu. Na kwa Dar maji ya tenki lililopigwa jua tayari ni vuguvugu, ukichagua nyuzi 30 hita inagusa tu, uniti zako za LUKU zinapumua. 60 iache kwa mashuka, taulo na nguo za mtoto. Programu ya Eco inaweza kuchukua masaa matatu na zaidi, haijakwama, inatumia muda mrefu badala ya joto kali.

Hatua ya 6: ikishamaliza

Toa nguo saa hiyohiyo, futa ule mpira wa mlangoni hasa mkunjo wa chini ambako maji yanabaki na soksi za watoto zinajificha, acha mlango na droo wazi. Harufu ya uvundo inaanzia hapo.

Mara moja kwa mwezi fungua kile kimlango cha chini kulia, weka bakuli pana na tambara, zungusha filta ya pampu taratibu maana maji yatatoka, safisha, rudisha ikaze. Kila miezi miwili mitatu weka gramu 100 za sitriki asidi, ile ya unga, kwenye drami tupu kwa nyuzi 60 ukoko utoke kwenye hita. Usichanganye na Jiki hata kwa bahati mbaya, inatoa gesi ya klorini na hiyo inadhuru mapafu.

Umeme ukikatika katikati usivute mlango. Zima ukutani, ukirudi ngoja utulie ndiyo uwashe, nyingi zinaendelea zilipoishia. Ukihitaji nguo kwa haraka toa maji yote kwanza kupitia kwenye filta, halafu angalia nyuma ya kile kimlango cha chini, mashine nyingi zina kikamba kidogo cha rangi, kivute chini na mlango utafunguka.